Mtu mrefu asiambiwe aache pedali stili, gitaa ndo linyanyuliwe

Mhariri, salaam nyingi kutoka Nashville, Tennessee, huku Marekani.

Naomba nafasi kwenye barua za wasomaji niongelee jambo linalowakatisha tamaa vijana wetu wapiga muziki na sioni mtu akilisema, labda kwa kuwa wapigaji wenyewe ni wachache na mtu akiumia anakaa kimya au anakiacha chombo anahamia kingine. Naongelea gitaa la pedali stili na watu warefu. Kuna maneno yamezagaa kwenye makanisa na bendi zetu huku kwamba mtu akishapita futi 6 na inchi kadhaa hilo gitaa sio lake, akapige besi au drams. Sio kweli hata kidogo, na kwa maneno hayo tumeshapoteza wapigaji wazuri.

Kwa ambao hawajaliona, pedali stili halivaliwi begani. Linalala juu ya miguu yake minne, we unakaa kwenye kiti, mkono wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, mkono wa kulia unadonoa, alafu huku chini miguu na magoti navyo viko kazini. Mguu wa kushoto unakanyaga pedali, mguu wa kulia uko kwenye pedali ya volumu, na magoti yote mawili yanasukuma leva zinazoning'inia chini ya bodi, nyingine kwenda kushoto, nyingine kulia, na kuna moja goti la kushoto linaisukuma juu. Kila pedali na kila leva inavuta au inalegeza nyuzi fulani wakati bado zinalia, na ndo hapo unatoka ule mlio wa kantri unaopanda taratibu ndani ya kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) mpaka mtu anafumba macho. Sasa fikiria kazi yote hiyo inafanywa na mtu ambae magoti yake yamebanwa chini ya gitaa hayana pa kwenda.

Na hiki sio chombo cha wazungu peke yao kama wengi wanavyodhani. Mtindo wa kupiga gitaa kwa chuma ulianzia Hawaii mwishoni mwa karne ya 19, anaetajwa sana ni Joseph Kekuku, pedali zikaja baadae, na baada ya watu kumsikia mpigaji Bud Isaacs mwaka 1954 kila bendi ya kantri hapa Nashville ikaitaka. Nigeria, mwanamuziki King Sunny Adé alimweka Demola Adepoju kwenye pedali stili ndani ya muziki wake unaoitwa juju mwanzoni mwa miaka ya 1980 na ilikaa vizuri ajabu. Na huku Marekani kuna makanisa ya weusi ya House of God ambayo tangu miaka ya 1930 stili ndo inaongoza sifa badala ya kinanda, mpigaji stili Robert Randolph ametokea huko huko. Vijana wetu wakishaona video za hayo makanisa wanawaka moto, wanatafuta pedali stili lililokwishatumika, na hapo ndo matatizo yanaanza.

Kuna kijana Mrundi nasali nae, ana futi 6 na inchi 5, kipaji chake hakina mjadala, sikio lake linashika kitu mara moja. Alinunua la zamani lenye nyuzi 10, pedali 3 na leva 4, muuzaji akamwambia ni saizi ya kawaida linamfaa kila mtu. Akikaa, mapaja yanagusa leva kabla hajafanya chochote, goti la kushoto halina nafasi ya kwenda pembeni, kwahiyo ile leva ya kupandisha nyuzi za noti ya E kwenda F hawezi kuitumia pamoja na pedali ya kwanza, inayoitwa A, na anaepiga anajua bila huo mchanganyiko umekosa nusu ya lugha ya hilo gitaa. Akaanza kukaa upande upande, mgongo umepinda, kisigino kinaelea hewani. Baada ya muda kiuno kinauma, na wazee wa kwaya wakamshauri aache. Walikuwa wanamhurumia, hilo nalijua, lakini ushauri wenyewe haukuwa sahihi manake shida ilikuwa kwenye gitaa.

Jambo la kwanza watu wanalofanya ni kuweka mbao au matofali chini ya miguu ya gitaa. Linaonekana jibu la haraka ila halisaidii, na naomba nieleze kwanini kwa sababu hapa ndo wengi wanapotea. Ile baa inayoshika pedali imefungwa kwenye miguu ya mbele ya gitaa lenyewe. Ukiinua gitaa lote kwa mbao, pedali nazo zinapanda kwa kiasi hicho hicho, mguu wako unapanda kuzifuata, goti nalo linapanda, na nafasi kati ya goti na bodi inabaki vile vile. Tena unaharibu zaidi, kwasababu kisigino kinatakiwa kitulie sakafuni ili kifundo cha mguu ndo kifanye kazi, kama unavyokanyaga klachi ya gari kwenye foleni. Pedali zikiwa juu sana inabidi unyanyue mguu mzima kila mara na paja linachoka kabla wimbo haujafika katikati. Hata ile miguu yenye kipande cha ndani cha kuvuta, angalia kwanza baa ya pedali imefungwa wapi, kama imefungwa juu ya hicho kipande basi ukivuta unapata matokeo yale yale ya mbao.

Wengine wanashusha kiti. Hiyo nayo haisaidii, urefu wa goti kutoka chini unatokana na muundi wako, kiti hakiubadilishi. Ukikaa chini zaidi goti linakuwa juu kuliko nyonga, mabega yanapanda kutafuta nyuzi, na mgongo ndo unalipa.

Kinachotakiwa ni umbali kati ya pedali na bodi uongezeke, pedali zenyewe zibaki karibu na sakafu pale pale zilipokuwa. Maana yake unabadilisha vitu viwili kwa pamoja, miguu ya gitaa na zile rodi nyembamba zinazotoka kwenye pedali kwenda juu chini ya bodi. Ukirefusha miguu kwa inchi 2, rodi nazo zirefuke inchi 2. Nimeona watu wakinunua miguu mirefu peke yake alafu wanashangaa pedali zimeinuka pua juu au zimevuta mpaka nyuzi hazirudi kwenye sauti yake ya wazi, ukituni gitaa leo kesho limehama. Na rodi ikizidi urefu, pedali inagonga sakafu kabla haijamaliza safari yake na noti inabaki chini kidogo, inaudhi kweli. Rodi zina meno ya skrubu kwenye ncha kwahiyo marekebisho madogo unazungusha tu, ila usitegemee hayo meno yakupe inchi nzima, rodi itakuwa imeshikilia kwa meno machache tu na siku moja itachomoka katikati ya ibada. Watengenezaji wengi huku wanakubali oda ya miguu na rodi zilizozidi inchi 1, 2 au hata 3, unaambia tu unataka kunyanyua kiasi gani, hakuna kutoboa wala kukata bodi, na ukitaka kuliuza baadae unarudisha vitu vyake vya mwanzo.

Kupima ni rahisi, mtu akae mwenyewe kwenye kiti atakachotumia, avae viatu atakavyopigia (wapiga kantri wenye buti za kisigino kirefu wasikilize hapa, buti zinaongeza urefu wa goti), aweke visigino chini na ncha ya mguu juu ya pedali, mgongo wima. Mwingine aangalie kati ya paja na leva. Pawe na nafasi kiasi kwamba mguu ukipumzika haugusi kitu, na goti likitembea kidogo tu linaikuta leva. Kama hakuna nafasi, chomeka vibao vyembamba chini ya miguu ya nyuma na ya mbele kwa ajili ya kupima tu, huku mguu umeutoa kwenye pedali umeuweka sakafuni, ongeza mpaka paja lipumue, pima unene wa vibao, ndo inchi zako hizo za kuagiza.

Mguu wa kulia usisahaulike. Upo juu ya pedali ya volumu siku zote, na ile pedali ina unene wake, kwahiyo goti la kulia linakaa juu kuliko la kushoto na leva za kulia ndo zinaanza kubana. Zipo pedali za volumu zilizotengenezwa fupi kwenda juu kwa sababu hii, mtu mrefu aanze kutafuta hiyo kabla hajalaumu kitu kingine, wakati mwingine inamaliza nusu ya tatizo. Leva nazo sio lazima ziwe pale zilipo, kwenye magitaa mengi bano lake linalegezwa kwa ufunguo wa pembe sita na leva inasogezwa, ncha inaweza kurefushwa gitaa likishanyanyuliwa ili goti lisiipite chini, na ile ya kusukuma juu ina skrubu yake ya kupanga urefu. Kiti ndo unakipanga mwisho kabisa, sio mwanzo, ukikitafutia urefu ambao mikono inakaa sawa na nyuzi na mabega yametulia.

Tulipomfanyia hivo yule kijana, miguu na rodi ndefu zaidi, pedali ya volumu fupi, leva mbili zikasogezwa, alikaa akapiga ile pedali ya A pamoja na leva ya F bila kuangalia chini. Mama yake alikuwepo, akauliza kwani mwanzo ilikuwa inashindikana nini. Wiki hizi anapiga ibada nzima na hakuna anaemwambia kuhusu besi.

Wapo watakaosema kwamba chombo kina saizi yake na mtu ndo ajizoeshe. Nawaomba waangalie historia ya hiki chombo chenyewe. Huku ukiagiza pedali stili jipya unaulizwa unataka mpangilio wa Emmons au wa Day, yaani mpigaji Buddy Emmons alipenda pedali ziende A, B, C kutoka kushoto, mwenzake Jimmy Day akapenda kinyume chake, C, B, A, kwa vile kila mmoja mguu wake uliona raha kivyake. Hakuna aliemwambia Day ajizoeshe. Mpaka leo mipangilio yote miwili inatengenezwa na inauzwa. Leva hivo hivo, kila mpigaji anachagua ipi ifanye nini. Gitaa ambalo tangu mwanzo limekuwa likifuata mwili wa mpigaji, leo tunamwambiaje kijana mrefu kwamba yeye ndo ajikunje?

Najua wapo wanaofikiria kuyapeleka magitaa haya nyumbani, na nafurahi sana kusikia. Wasiogope habari ya miguu. Fundi wa kukereza vyuma pale Gerezani, Dar, au fundi wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi, anaweza kukutengenezea miguu na rodi ndefu, ila mpelekee mguu wa zamani na rodi ya zamani mkononi awe navyo kama sampuli, kwasababu magitaa ya Kimarekani mengi meno yake ya skrubu ni ya inchi sio milimita, akikisia atakuharibia tundu la kwenye bodi na hilo kulirudisha ni kazi kubwa. Miguu yote minne ikerezwe pamoja ili gitaa lisicheze, na mrija usiwe mwepesi sana, gitaa la neki (shingo) mbili lenye nyuzi 20 lina uzito, mguu ukipinda limeanguka na mtu yuko chini yake.

Ombi langu kwa makamati ya muziki ya makanisa yetu huku, ambayo ndo yananunua vyombo vingi, msinunue pedali stili kabla mpigaji hajalikalia. Mwende nae dukani, avae viatu vyake, akae hata nusu saa, na kama muuzaji hataki akae msitoe hela. Na kwenye bei mnayopanga wekeni na hela ya miguu na rodi mapema. Wewe mhariri nakuomba, kama kuna daktari au mtaalamu wa viungo anaewaandikia, muombe atuandikie kuhusu migongo na viuno vya wapigaji wanaokaa, wapiga kinanda na wapiga drams nao wanahitaji hiyo elimu, sio sisi tu.

Msomaji wenu,
Fundi wa vyombo vya muziki,
Nashville, Tennessee