Kwa nini samaki wa chambo wanakufia kwenye ndoo

Mteja anaondoka dukani na samaki wa chambo wanaorukaruka, akifika pa kuvulia nusu yao wanaelea matumbo juu. Anatulaumu sisi kwanza, na ana haki ya kuuliza. Ila mara nyingi kilichowaua ni maji ya kwenye ndoo.

Maji yakipata joto hushika oksijeni kidogo. Maji baridi ya nyuzi 10 za Selsiasi hubeba takriban miligramu 11 kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hubaki kama 7.5, na joto hilohilo linamfanya samaki ahitaji hewa zaidi. Ukiwaona wamepanda juu wanatweta, midomo wazi, hali ni mbaya. Chukua wachache, tumia ndoo pana, iweke kivulini na uwashe pampu ndogo ya betri. Barafu itie ndani ya chupa iliyofungwa ndipo uitumbukize, maana maji yakipoa ghafla nayo yanaua.

Maji ya bomba ndiyo yanayotuponza zaidi. Klorini huunguza matamvua. Kuyalaza maji usiku kucha kwenye chombo kilicho wazi husaidia, lakini kama yametiwa kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, kuyalaza hakutoshi. Tumia dawa ya kuondoa klorini. Uchafu wa samaki wenyewe nao huleta amonia, ambayo ni sumu kwao, kwa hiyo safari ikiwa ndefu punguza maji kidogo kidogo na kuongeza mengine yenye joto lilelile. Ukituambia mapema kwamba unakwenda mbali, tutakufungia kwenye mfuko wenye oksijeni.

Kumtia kwenye ndoana pia kuna namna yake. Lowesha mikono kwanza, usimkwangue ule ute unaomkinga. Ukivua penye mkondo au ukikokota mshipi, mchome midomoni ili aogelee akitazama mbele. Kwenye maji yaliyotulia, pitisha ndoana juu ya mgongo karibu na pezi, juujuu tu. Ukigusa uti wa mgongo umebaki na mzoga, na hapo bora ungenunua chambo cha kukatakata kwa bei nafuu.

Kuna mahali sheria hairuhusu chambo hai kabisa, kwa hiyo uliza kabla ya kununua; hatupendi kukuuzia usichoweza kutumia. Na wakibaki, usiwaachie ziwani wala mtoni hata ukiwaonea huruma: wanaweza kupeleka magonjwa, au kuzaliana na kuwabana samaki wa hapo. Maji ya ndoo yamwage nchi kavu, mbali na ukingo.