Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Barabara Kuhusu Taa za Kuongozea Magari Zisizoonekana Vizuri

Kwa Mkurugenzi wa Barabara,

YAH: KUZIFANYA TAA ZA KUONGOZEA MAGARI ZIONEKANE NA DEREVA KWA WAKATI

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mwalimu wa udereva, na kazi hii hunikalisha kando ya mtu anayeitafuta taa kwa mara ya kwanza. Dereva mzoefu hufika kwenye makutano anayoyajua na macho yake yakaenda moja kwa moja panapostahili. Mwanafunzi hajui pa kutazama, na mgeni wa mji naye hajui, hivyo utayaona macho yake yakihangaika kati ya nguzo, matawi, mabango na migongo ya magari huku gari likizidi kusogea. Kuna makutano ambapo hangaiko hilo halitokei kabisa, na kuna mengine ambapo hutokea kwa kila mwanafunzi, awe mwepesi au mzito wa kuelewa. Tofauti hiyo haitokani na wanafunzi. Ninachoomba katika barua hii ni kwamba idara yako izipime taa zake kwa jicho la dereva aliyeketi ndani ya gari linalotembea, badala ya kuridhika kwamba zinawaka.

Malalamiko kuhusu taa hujibiwa mara nyingi kwa namna moja. Fundi hufika, husimama chini ya nguzo, huinua kichwa, huona nyekundu, njano na kijani zikipokezana inavyotakiwa, kisha huandika kwamba taa ni nzima. Anasema kweli. Ila ameitazama akiwa amesimama tuli, kwa karibu, bila kioo cha mbele chenye vumbi, bila lori lililomkinga, na mara nyingi katika saa za kazi ambapo jua limeshapanda juu. Dereva huikuta taa hiyohiyo katika hali iliyo kinyume karibu kwa kila jambo.

Tuchukue gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa. Kila sekunde linapita karibu mita 14. Tukimpa dereva sekunde moja na nusu ya kuiona rangi, kuielewa na kuhamishia mguu kwenye breki, atakuwa amekwisha kupita mita 21 kabla breki haijashika, na atahitaji nyingine kati ya 15 na 20 ili asimame kwenye lami kavu. Mvua ikiwa imenyesha au tairi zikiwa zimekwisha, atahitaji zaidi ya hapo. Ndiyo maana mwongozo wa taifa wa taa na alama za barabarani wa Marekani unataka dereva aendaye takriban kilomita 48 kwa saa aione taa bila kukatizwa kuanzia mita 82 kabla ya mstari wa kusimama, na aendaye kilomita 64 aione kuanzia mita 119. Pasipowezekana, lazima kiwekwe kibao cha kumwonya kwamba mbele kuna taa. Nchini Ujerumani rangi ya njano huwaka kwa sekunde 3 mahali ambapo mwendo unaoruhusiwa ni kilomita 50, sekunde 4 kwa kilomita 60 na sekunde 5 kwa kilomita 70. Hesabu za namna hiyo zinadhani kwamba dereva ameiona njano mara tu ilipowaka. Akichelewa kuiona kwa sekunde mbili, sehemu kubwa ya muda aliotengewa imeliwa, na hapo ndipo tunapompata yule anayefunga breki katikati ya kivuko cha waenda kwa miguu, au anayeamua kukanyaga mafuta apite.

Jambo litakalochukua nafasi kubwa katika barua hii ni jua. Kwenye barabara zinazoelekea mashariki na magharibi, kuna muda asubuhi na muda jioni ambapo jua hukaa karibu kabisa na mahali taa ilipo machoni mwa dereva, naye hufanya anachofanya kila mtu: hushusha kile kikinga jua kilicho juu ya kioo cha mbele. Taa iliyotundikwa juu ya barabara hufichwa na kikinga hicho hicho. Akikipandisha, anapofushwa na jua. Akikishusha, taa haipo. Nimewaona wanafunzi, na madereva wa miaka mingi pia, wakiacha kabisa kuitafuta taa na kuanza kuviziana na gari la njia ya pembeni: likiondoka nao wanaondoka. Wakati mwingine gari lile limeondoka kwa sababu ya mshale wa kukata kona ambao haukuwahusu wao.

Jua likiwa mgongoni mwa dereva, mambo hugeuka lakini hayapungui ubaya. Taa za zamani zina balbu iliyokaa mbele ya sahani inayong'aa, na mbele yake lenzi ya rangi. Miale ya jua la chini huingia kupitia lenzi, hugonga sahani ile na kurudi nje ikiwa imeshika rangi, hata taa iliyozimwa ikaonekana kana kwamba inawaka. Dereva huona nyekundu na kijani kwa pamoja, au haoni tofauti yoyote kati ya vyumba vitatu. Taa za LED hazihitaji sahani hiyo, na kuzibadilisha zile za zamani kumepunguza sana mwanga huu wa uongo. Vikofia virefu vinavyozifunika lenzi kwa juu na pembeni navyo husaidia.

Kwa jua linalotoka nyuma ya taa, dawa ninayoiombea nafasi ya kwanza ni ubao mweusi unaolizunguka kasha la taa, wenye utepe wa njano unaoakisi mwanga kwenye kingo zake. Si uvumbuzi mpya wala mtambo wa kuagizwa kwa zabuni kubwa. Ubao huikatia taa mandhari yake: badala ya kushindana na anga jeupe, matawi, au ukuta wenye tangazo, rangi huonekana juu ya weusi. Utepe wake, ambao upana wake huwa kati ya sentimita 2.5 na 7.5, huvuta jicho mchana, na usiku hung'aa kwa mwanga wa taa za gari lenyewe. Mamlaka ya shirikisho ya barabara kuu nchini Marekani imeuweka miongoni mwa hatua za usalama zilizothibitishwa, na inataja upungufu wa asilimia 15 wa ajali za kila aina katika makutano ya mijini. Umeme unapokatika, faida nyingine hujitokeza: makutano yenye taa zilizozimika hayaonekani gizani, na mgeni huyapita kwa mwendo uleule kwa kudhani kwamba yuko kwenye njia kuu, ilhali fremu ya njano inayomrudishia mwanga itamjulisha kwamba hapo pana taa na kwamba imekufa.

Utepe huo unawasaidia pia watu ambao idara nyingi huwataja kwa sentensi moja kisha zikawasahau, yaani wenye upofu wa rangi. Kwa watu wenye asili ya Ulaya, karibu asilimia 8 ya wanaume na asilimia 0.5 ya wanawake hupata shida ya kutofautisha nyekundu na kijani. Katika jamii nyingine nyingi kiwango ni cha chini, lakini hakuna mahali ambapo hawapo barabarani. Tunawafundisha kutegemea mpangilio: nyekundu juu, njano katikati, kijani chini, kama Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 unavyoelekeza kwa taa zilizosimama wima. Mpangilio huo ni msaada mzuri mchana. Usiku, katika barabara yenye giza, kasha halionekani. Kinachoonekana ni doa moja la mwanga linaloelea, na mtu hawezi kujua kama liko juu au chini ya kitu asichokiona. Fremu inayoakisi humrudishia kipimo chake. Jimbo la Quebec nchini Kanada limetumia njia nyingine, ya kuzipa rangi maumbo: nyekundu ya mraba, njano ya umbo la almasi na kijani ya duara. Ni wazo zuri, ingawa sidhani kama ndilo la kuanzia, kwa kuwa ubao ni nafuu zaidi na unamfaa kila dereva.

Ninajua mafundi wako watakuwa na pingamizi moja la haki, nalo ni upepo. Ubao huongeza eneo linalosukumwa na upepo, na nguzo ya zamani, hasa yenye mkono mrefu juu ya barabara, haikukokotolewa kubeba mzigo huo. Kwa hiyo nguzo zikaguliwe kwanza, na pale zinapotia shaka zitumike mbao zenye matundu ya kupitishia hewa, au utepe uwekwe kwenye zile taa za pembeni zilizo kwenye nguzo fupi. Hilo ni jambo la kupanga, halizuii kuanza.

Kuhusu LED ninatoa angalizo dogo, kwa sababu zimesifiwa hadi zikaachwa bila kuangaliwa. Zinatumia umeme kidogo mno. Palipokuwa na balbu ya wati 150, wati 10 hadi 15 zinatosha. Lakini balbu ya zamani ilipokufa ilizimika, na mtu akapiga simu. LED hufifia polepole kwa miaka, na kwa kuwa haizimiki hakuna anayelalamika hadi mwanga wake umeshuka chini ya kiwango. Ipimwe kwa kifaa, kwa ratiba, na ibadilishwe kabla haijaonekana kwa macho kwamba imechoka. Mahali penye theluji, ukosefu wa joto lake huiacha lenzi ikifunikwa. Na usiku wa manane, mwanga uliopangwa kupambana na jua la saa sita huumiza macho ya dereva aliyesimama mbele yake, kwa hiyo ni vyema upunguzwe giza linapoingia.

Magari makubwa nayo huficha taa. Dereva aliye nyuma ya lori au basi anaweza kuvuta hadi kwenye mstari bila kuiona taa hata mara moja, iwapo taa ni moja tu na iko upande mmoja. Uingereza huweka taa ya kwanza karibu na mstari wa kusimama na ya pili ng'ambo ya makutano. Marekani hutaka angalau taa mbili kwa mkondo mkuu wa magari. Ufaransa huongeza taa ndogo kwenye nguzo, kwenye usawa wa macho ya dereva wa gari la mbele, ili asilazimike kukunja shingo. Lolote kati ya hayo litafaa. Jambo lisilofaa ni taa moja kubeba peke yake kazi ya kuonekana na wote.

Sitakaa sana kwenye matawi na mabango. Matawi yakatwe kabla hayajafika kwenye taa, na tangazo lenye mwanga mwekundu au wa kijani lisiruhusiwe nyuma ya taa machoni mwa dereva, hata kama mwenye tangazo amelipa kodi zake zote.

Kuna tatizo jingine linalorekebishwa kwa ngazi na spana, na bado hudumu kwa miezi. Kasha la taa likigongwa na mzigo wa lori refu, au likizungushwa na upepo, hugeuka kidogo, na mwanga wake mkali zaidi huanza kuelekea kwenye njia ya waenda kwa miguu au kwenye njia ya magari mengine. Aliye chini ya nguzo haoni kasoro. Aliye mita 80 nyuma anaona mwanga dhaifu, na jirani yake wa njia ya pembeni anaona rangi isiyomhusu. Kulirekebisha kunahitaji watu wawili: mmoja juu ya ngazi, na mwingine akiwa amesimama pale dereva anapopaswa kuanza kuiona taa, akimwelekeza mwenzake hadi mwanga ukae sawasawa. Huyo wa pili ndiye anayekosekana katika ukaguzi.

Huenda utaambiwa kwamba dereva mwangalifu huiona taa, na asiyeiona ni mzembe. Ninawafundisha watu kupunguza mwendo wanapokosa uhakika, nami sitaacha. Lakini suala la kuonekana mchana halikuzuliwa na madereva wa leo. Taa ya kwanza ya kuongoza magari, iliyosimamishwa London mwaka 1868 karibu na Bunge, ilitumia mikono ya kupanda na kushuka wakati wa mchana, na mwanga wa gesi, nyekundu na kijani, wakati wa usiku, kwa kuwa mwanga wa gesi usingefua dafu mbele ya jua. Mtambo ule ulilipuka mwezi Januari 1869 na kumjeruhi polisi aliyeuendesha, kwa hiyo siusifii kwa mengi, ila waliouunda walianza kwa kujiuliza mtumiaji wa barabara ataona nini na saa ngapi.

Kwa hayo yote ninaomba, Mheshimiwa Mkurugenzi, uamuru makutano yote yaliyo kwenye barabara za mashariki na magharibi yakaguliwe jua likiwa chini, asubuhi na jioni, na mkaguzi akiwa ndani ya gari linalotembea katika kila njia inayoingia. Ukaguzi huo uandikwe kwa umbali: taa ilianza kuonekana mita ngapi kabla ya mstari, na ni kitu gani kilichoikatiza. Makasha yaliyogeuka yanyooshwe katika juma hilohilo, kwa maana hayangoji bajeti. Mbao zenye utepe zianze pale vipimo vitakapokuwa vibaya zaidi, na orodha ya makutano hayo itangazwe pamoja na tarehe, ili sisi tunaofundisha tujue ni wapi pa kuwapeleka wanafunzi kwa tahadhari na ni wapi pameshatengenezwa. Ningependa jibu lako lianze na orodha hiyo, hata kama ina majina machache tu.

Wako katika utumishi wa barabarani,

Mwalimu wa udereva