Dereva mkongwe akipunguza mbio, msimzike

Mhariri,

Kila dereva mkongwe wa NASCAR, mbio za magari za Marekani, anapotangaza kwamba hatashindana tena msimu mzima, kurasa za michezo humwandikia kama marehemu. Naomba tabia hii ikome.

Ligi kuu ya mbio hizo ina mashindano 36 ya pointi, kuanzia Februari hadi Novemba, karibu kila wikendi. Mtu wa miaka arobaini na kitu, mwenye familia, ana haki ya kusema nusu yake inamtosha.

Mtazameni Mark Martin wa Arkansas. Mwaka 2007, akiwa na miaka 48, aliamua kushiriki baadhi tu ya mashindano. Kwenye Daytona 500, shindano la kufungua msimu, aliongoza hadi mita za mwisho, magari yakigongana nyuma yake, Kevin Harvick akampita kwa sekunde 0.02. Baada ya mashindano manne ndiye aliyekuwa kileleni kwa pointi, na bado kwenye shindano lililofuata, la Bristol, hakwenda, kama alivyopanga. Mfululizo wake wa mashindano 621 bila kukosa ukakatikia hapo. Kwa uamuzi huo namheshimu kuliko kwa ushindi wake wowote.

Tena hakuwa amekwisha! Mwaka 2009 alirudi msimu mzima na, kwa miaka yake 50, akashinda mara tano na kumaliza msimu akiwa wa pili kwa pointi, nyuma ya bingwa Jimmie Johnson.

Basi waandishi wako, badala ya tanzia, watuambie mkongwe anayepunguza mbio atakimbia viwanja gani mwakani, na kwa gari la timu ipi.

Msomaji wenu,
Mombasa