Bonanza la mara moja kwa mwaka si mazoezi

Ndugu Mhariri,

Ukitaja mazoezi ya watu wazima wenye ulemavu wa akili hapa Kigoma, wengi hufikiria bonanza: fulana mpya, mbio za magunia, soda, halafu kila mmoja anarudi kwao kukaa barazani mpaka bonanza jingine. Kukaa huko ndiko kunakouchosha moyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 haukuwapunguzia kiwango watu wazima wenye ulemavu: dakika 150 hadi 300 za kuchangamsha mwili kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu siku 2 au zaidi. Hayo ya nguvu ndiyo yanayoachwa, eti kunyanyua vitu kutawaumiza.

Hatari ipo, ila iko kwingine. Karibu nusu ya wenye sindromu ya Down, aina mojawapo ya ulemavu wa akili wa kuzaliwa nao, huzaliwa na hitilafu ya moyo, na wapo waliofikia utu uzima bila kupimwa. Daktari ausikilize moyo kwanza, hata kama ni safari ya kwenda hospitali ya Maweni. Mwenye midomo au kucha za bluu, miguu iliyovimba, au anayekosa pumzi akilala chali, asianze. Shingo nayo iangaliwe: kwa baadhi yao mifupa miwili ya juu imelegea, kwa hiyo wasipinduke sarakasi wala wasibebeshwe ndoo kichwani. Akianza kuyumba anapotembea au kushindwa kuzuia mkojo ghafla, ni hospitali siku hiyohiyo.

Presha hupimwa akiwa ameketi dakika 5, nyayo chini, mkono usawa wa moyo. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba ya juu isiyo ya kweli, na hofu ya mashine vilevile. Mpime mlezi kwanza, yeye aone. Ikifika 180/110, hakuna mazoezi siku hiyo. Aonwe na daktari.

Vifaa havihitaji jimu. Dumu la lita 5 likijaa maji lina kilo 5, na chupa ya lita 1.5 iliyojaa mchanga mkavu wa ziwani inazidi kilo 2. Tyubu kuukuu ya baiskeli hufungwa kwenye nguzo usawa wa kifua; ivutwe na kukaguliwa kila mara, maana yenye nyufa hukatika na kumchapa mtu usoni.

Jumatatu na Alhamisi, kabla ya saa 3 asubuhi, waanze kwa kutembea dakika 5. Kisha kukaa na kusimama kwenye benchi bila kujisukuma kwa mikono, kusukuma ukuta, kuvuta tyubu, kupanda na kushuka kizingiti, na mwisho kutembea hatua 20 na dumu kila mkono, hata kama mwanzoni lina lita 1 tu. Wiki 2 za kwanza ni mzunguko 1, kila zoezi mara 8. Kisha mizunguko 2, baadaye 3, na mara ziongezwe taratibu hadi 12. Akizikamilisha siku 2 mfululizo bila kuyumba, ongeza nusu lita ya maji kwenye dumu, basi. Ukiharakisha, kesho yake misuli itauma, naye hawezi kueleza. Atagoma, na nyumbani watasema ni mkaidi.

Kosa kubwa zaidi la makocha ni maneno mengi. Onyesha, toa agizo moja, usibadili mpangilio. Asiyejua kuhesabu apewe maharage 12 ahamishe moja moja kutoka bakuli hadi bakuli. Kubana pumzi wakati wa kunyanyua hupandisha presha ghafla, kwa hiyo atoe sauti anaponyanyua, hata "hooo" inatosha. Anayetoa sauti hawezi kubana pumzi.

Ile kanuni ya kukadiria mapigo ya juu kabisa ya moyo kwa dakika, yaani 220 ukitoa umri, haifai kwa mwenye sindromu ya Down. Akiwa na miaka 30 itakupa mapigo 190, wakati moyo wake ukijitahidi mwisho wa uwezo hufika takriban 160. Kocha anayefuata kanuni hiyo atamwita mvivu mtu aliyekwisha kufika kikomo. Kipimo bora ni mdomo: akipanda kilima kutoka stesheni kwenda Mwanga, aweze kuongea lakini ashindwe kuimba. Asiyeongea, tazama uso wake na mabega yanavyopanda.

Mwenye kifafa asinyanyue kitu juu ya kichwa, na asiingie ziwani bila mtu wa kumshika, hata maji yakiwa ya kiunoni. Baadhi ya dawa za akili huongeza uzito. Mlezi amwambie daktari, asizikatishe mwenyewe.

Halafu soda ya zawadi. Chupa ya mililita 350 inakaribia vijiko 9 vya chai vya sukari, na mtu huyu tayari yuko kwenye hatari ya kisukari. Mpeni filimbi aianzishe raundi inayofuata. Wengi wataipenda kuliko soda.

Kwa wafadhili wa bonanza lijalo: punguzeni fulana, mnunue mashine ya presha yenye mkanda mkubwa, ibaki kituoni.

Mtaalamu wa fiziotherapia,
Ujiji, Kigoma