Kwa Vijana wa Mkunguni, Kuhusu Mtawala Mnayemshangilia

Wanangu,

Jana baada ya Isha niliwaona mmeizunguka simu moja, mkipiga makofi huku nyumba za watu zikiporomoka katika nchi iliyovamiwa na jirani yake, na mmoja wenu akasema kuwa mtawala yule ndiye mwanamume hasa, kwa sababu hana bunge la kumchelewesha. Kahawa ilinishinda, nikakirudisha kikombe kikiwa kimejaa.

Mwezi wa Februari 1976 nilikuwa kuli bandarini Kilindini, Idi Amin alipodai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni ya Uganda. Makuli tulizisusia shehena za Uganda, naye akarudi nyuma. Wakati huo alikuwa amekwisha kumwondoa kila aliyeweza kumwambia hapana: bunge halikuwapo tangu 1971, na jaji mkuu, Benedicto Kiwanuka, alikamatwa mahakamani mwaka 1972 asirudi tena nyumbani kwake. Basi askari wake walipoanza kuasi mwaka 1978, ni nani angethubutu kumwambia kuwa ugonjwa umo ndani ya nyumba yake? Mwishoni mwa Oktoba jeshi lake likavuka mpaka, likaingia Kagera, nchini Tanzania, likapora ng'ombe na kuua wakulima ambao hawakuwa na habari ya maasi yoyote. Uasi wa kambini ukapewa jina la vita dhidi ya adui wa nje. Tanzania ikajibu, na Kampala ikaanguka Aprili 1979. Huyo naye mngemwita mwanamume?

Majenerali waliotawala Argentina walifanya vivyo hivyo: tarehe 30 Machi 1982 polisi wao waliwapiga wafanyakazi waliokuwa wakiandamana Buenos Aires, na tarehe 2 Aprili wakavamia visiwa vya Falkland, vilivyokuwa chini ya Uingereza. Saddam Hussein aliivamia Kuwait mwaka 1990 akiwa amezama katika madeni ya vita vyake na Iran.

Mtaniambia kuwa Marekani nayo, pamoja na bunge lake, iliivamia Irak mwaka 2003. Ni kweli, wala siitetei. Lakini huko mpinzani aliandamana akarudi kulala kwake.

Lawama nyingine ni yetu wazee, tuliowazoesha kunyamaza mkubwa anapokosea, hata katika kikao cha hesabu za msikiti, tukaiita adabu.

Leo baada ya Isha nitakuwa pale pale. Yule aliyeishika simu na aketi karibu nami, anionyeshe tena picha zile, safari hii polepole, tuwatazame wanaokimbia.