Barua ya wazi kwa Afisa Elimu Mkoa wa Mwanza: turuhusuni tutoke na watoto nje ya geti

Ndugu Afisa Elimu,

Salaam. Nakuandikia kuhusu Jiografia na Mazingira, somo ambalo mtaala ulioanza kutumika 2024 umelifanya lisimame peke yake, baada ya miaka mingi ya kubanwa ndani ya Maarifa ya Jamii. Kwa hilo tunashukuru. Tatizo ni kwamba somo limerudi, ila watoto bado tunawafungia darasani.

Waombe watoto wa Darasa la Tano wakuonyeshe kaskazini. Wengi watanyoosha kidole darini, kwa kuwa kwenye ramani ya ukutani kaskazini iko juu! Na hawa ni watoto wa Kirumba na Igogo, wanaoliona ziwa kila wakienda dukani.

Dawa yake haina gharama. Chomeka kijiti wima uwanjani, watoto waweke kokoto kila kivuli kinaposogea. Juni kivuli cha mchana kinalalia kusini, Desemba kinalalia kaskazini, maana tuko kusini mwa ikweta kwa nyuzi 2 na nusu tu na jua linatupita kwenda na kurudi. Tena kivuli hakiwi kifupi kabisa saa 6 kamili. Hapa Mwanza ni karibu saa 7 kasorobo, kwa sababu saa ya nchi imepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 Mashariki, nasi tuko kwenye 33. Mtoto aliyeliona hilo hahitaji kukaririshwa longitudo. Atauliza mwenyewe Dar es Salaam inakuwaje (na mwalimu ajiandae).

Skeli nayo ni hivyo hivyo. Daraja la Kigongo–Busisi lina urefu wa kilomita 3 hivi. Kwenye ramani ya 1:2,000,000 hiyo ni milimita moja na nusu. Wape rula wapime.

Kuhusu upepo, watoto wa wavuvi wanatuzidi. Mchana unavuma kutoka ziwani, usiku unageuka na kutoka nchi kavu. Pepo hizo za usiku zikikutana juu ya maji yenye joto, hewa inapanda na mawingu ya radi yanajengeka, ndiyo maana dhoruba nyingi za ziwani hupiga usiku na alfajiri, saa ambazo wavuvi wa dagaa wako majini na taa zao. Hayo yanasimuliwa nyumbani kila siku, lakini shuleni hakuna anayewauliza.

Kinachotukwamisha ni kibali. Katika shule moja niliyowahi kufundisha, tuliomba kuwapeleka watoto wakaone mto Mirongo ukiwa umejaa tope la milimani. Jibu lilifika kiangazi, maji yameshashuka.

Naomba uandike waraka unaompa mwalimu mkuu mamlaka ya kuruhusu masomo ya nje ndani ya kata yake, bila barua kuzunguka ofisi tatu. Weka masharti makali: vipindi viwili vinavyofuatana, watu wazima wa kutosha, na marufuku kuingia majini. Najua darasa la watoto mia halivuki barabara kirahisi. Tutagawana kwa makundi, wengine wabaki uwanjani na kijiti chao.

Na kwenye moko ya mkoa, tafadhali yawepo maswali machache ya hapa hapa. Kwa mfano: kwa nini Mirongo hubadilika rangi mvua zikinyesha? Au: nyumba iko mlimani juu ya miamba, maji ya mvua yatapita wapi? Tusidanganyane, sisi walimu tunafundisha kinachoulizwa. Mkiuliza maana ya ziwa, tutaendelea kuandika ubaoni kwamba ziwa ni eneo kubwa la maji lililozungukwa na nchi kavu, na watoto wataendelea kunakili, ziwa lenyewe likiwa dirishani.

Waraka ukitoka kabla ya Oktoba, utatukuta na mvua za vuli. Mimi nitaanza na Mirongo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa Darasa la Tano, Mwanza