Saa 18 za kuta, za nyumba je?

Mhariri,

Mimi ni mwashi hapa Kilifi, mwaka wa 31 sasa tangu nianze kama mtu wa mkono, karai kichwani. Gazeti lako likitoa habari za roboti zinazojenga, vijana wangu wa saiti hunisomea kwa sauti, wakicheka, kisha wananyamaza. Huko kunyamaza ndiko kumenifanya niandike.

Habari hizo huhesabu saa za mashine peke yake. Shule iliyochapwa, yaani kuta zake zilitandazwa na mashine tabaka juu ya tabaka, huko Salima, Malawi, mwaka 2021 ilisifiwa kote kuwa ilijengwa kwa saa 18. Zile saa 18 zilikuwa za kuta. Paa, milango na madirisha viliwekwa na watu, na sijaona aliyeandika walichukua siku ngapi.

Hapa kwetu tuna Mvule Gardens, mradi uliopangiwa nyumba 52, ambao kuta zake zilichapwa kwa mtambo uliotoka Denmark. Nilisimama nje ya ua nikautazama, na sitasema uongo, ulinivutia. Bomba linakwenda na kurudi likitandaza mota, mstari juu ya mstari, kama mama anayefinyanga chungu. Kona ya mviringo, ambayo mimi ningekutoza nyongeza, kwa mtambo ni kama ukuta ulionyooka tu. Wala hauulizi chai ya saa nne.

Ila mota ile ina masharti. Iwe nzito hata ibebe mstari unaofuata, na iwe laini hata ipite kwenye mpira wa pampu bila kuziba. Jua la saa saba la Pwani halingoji mtu: mchanganyiko uliokuwa mzuri asubuhi, mchana umeshaanza kukaza. Hapo anatakiwa mtu wa kuuangalia na kusema ongeza maji, au simamisha. Kazi hiyo waashi tumeifanya maisha yetu yote, tukiwa na mwiko na koleo.

Wenzetu waliotangulia wanalijua hilo. Kule Uswisi, wasanifu majengo Gramazio na Kohler walifungua maabara yao ya roboti katika chuo cha ETH Zurich mwaka 2005. Mwaka uliofuata roboti ilipanga matofali 20,000 ya kuta za nyumba ya kutengenezea mvinyo kijijini Fläsch, kila tofali kwa pembe yake, mwanga upenye katikati. Nakiri kwamba kwa uzi na pima maji nisingeimaliza kazi ile. Lakini katika nyumba yao ya majaribio iitwayo DFAB, iliyofunguliwa Dübendorf mwaka 2019, roboti ilichomelea wavu wa chuma wa ukuta uliopinda, kisha watu wakajaza zege na kuusawazisha kwa mwiko. Marekani nako kuna roboti iitwayo SAM: inapaka mota na kuweka tofali, na mwashi yuko pale pale akikwangua mota iliyozidi na kujenga kona.

Basi swali langu si kama mashine zije. Zimeshakuja. Nauliza ni nani anafundishwa kusimama kando yake, na kwa malipo gani. Mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, nilioufanya mimi ulinipima kwa mwiko na timazi. Ni haki yake, lakini kijana anayeufanya leo apimwe pia kusoma mchoro kwenye kompyuta, kuendesha pampu na kujua ukuta uliochapwa unakaguliwaje. Na mkandarasi anayeleta mtambo wa namna hii achukue waashi wa hapo hapo awafundishe, asije na wenye laputopu peke yao.

Malipo nayo yananiuma. Katika saiti moja niliyofanya kazi, kijana mwenye cheti cha ufundi aliwekwa kwenye mashine ya matofali akalipwa ujira wa kibarua. Msimamizi alimwambia kazi inafanywa na mashine, yeye anabonyeza tu. Siku mashine ilipotoa matofali yanayomeguka mkononi, aliyeitwa kujieleza ni huyo anayebonyeza tu.

Na wewe Mhariri, nina ombi. Mwandishi wako akija tena Kilifi kuandika habari za mtambo, usimwite arudi pindi kuta zinapokwisha. Akae hadi fundi umeme, fundi bomba na wapaua wamalize, halafu ndipo aandike idadi ya saa.

Fundi mwashi,
Kilifi